Mke wangu anadhani nimekaa uradini, kumbe natembea

Assalaam aleikum Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 59, mkaazi wa Kibokoni hapa Mombasa. Nimefanya kazi bandarini Kilindini miaka 31. Miaka 18 ya mwanzo nilikuwa kuli, nikibeba magunia ya kahawa na ya saruji. Kisha nikapandishwa nikawa karani wa ghala, kazi ya kalamu na kiti, hadi nilipostaafu miaka minne iliyopita. Mgongo na magoti yangu bado yako sawa, alhamdulillahi, na najivuna kwamba moyo wangu ni wa kuli, umezoea mzigo.

Presha ninayo mwaka wa sita huu. Vidonge nameza kila siku. Kliniki ya mwisho daktari aliniambia nipunguze chumvi na nitembee angaa nusu saa, siku nyingi za wiki.

Tatizo langu lina mwaka mmoja. Ndugu yangu wa kunifuata, tumbo moja, alifariki uwanjani huko Likoni Jumapili jioni akicheza mpira na wazee wenzake. Alikuwa na miaka 54. Waliokuwepo wanasema aliukimbilia mpira, akasimama, akashika magoti, akaanguka. Hakufika hospitali. Kesho yake asubuhi tulimzika, hakufanyiwa uchunguzi wowote. Alikuwa dereva wa lori, akivuta sigara tangu ujana, na mpira wenyewe alicheza mara moja kwa mwezi, mwezi mwengine asicheze. Wiki ile kabla hajafa alilalamika gesi kifuani, akachemshiwa tangawizi, tukaona imepita.

Tangu siku hiyo, nyumbani kwangu neno mazoezi halitajwi. Mke wangu anasema mazoezi ndiyo yaliyomuua shemejiye. Mamangu, tunayeishi naye, akiniona nimesimama sana huniambia kaa, mwanangu, umebaki wewe. Sibebi hata ndoo ya maji. Marikiti huenda kijana wetu. Kutwa nakaa barazani na kahawa na kashata, nahesabu wapita njia.

Nikaona nitaoza nikiwa hai. Kwa hiyo mwezi wa tatu sasa, nikimaliza sala ya alfajiri, natembea. Raba zangu hulala msikitini kwenye rafu ya viatu. Nazivaa na kanzu yangu, napita mbele ya Ngome, nashika njia ya Mama Ngina hadi kwenye mibuyu, nakaa kidogo nikitazama meli zinavyoingia mlangoni, narudi. Nafika nyumbani jua limeshatoka. Mke wangu akiuliza, nasema nilibaki kwenye uradi. Siku moja aliniuliza, kwa kutaka kujua tu, leo mlisoma nini. Nikamtajia. Wallahi, Bi Mshauri, uwongo ule uliniingia mwilini kuliko kutembea kote.

Kutembea kwenyewe kumenifaa, nalala vizuri na presha imeshuka kidogo. Kuna kitu kimoja tu, nikitoka Likoni kumtazama mjane wa ndugu yangu, ule mlima wa feri nikiupanda kwa haraka hunibana kifuani na hapa kwenye taya, nikisimama dakika mbili inaondoka, nadhani ni gesi maana huwa tumekula huko. Daktari sikumwambia, nisije nikakatazwa na yeye pia.

Nataka unisaidie. Niendelee kwa siri kwa sababu ni kwa faida yangu? Niache ili nyumba ipate amani? Au niseme, nikijua nitamvunja moyo mke ambaye miaka 30 hajawahi kunidanganya?

Mtembezi wa alfajiri, Kibokoni

JIBU

Waaleikum salaam, kakangu. Kwanza pokea pole ya nduguyo. Mwaka mmoja ni jana tu kwa mtu aliyezika wa tumbo moja, na naona nyumba yenu yote bado iko matangani.

Niliposoma barua yako mara ya kwanza niliona swali la mume na mke. Niliporudia nikagota kwenye mlima wa feri. Umeuandika kwa sentensi moja, mbiombio, kama mtu anayepita mlango wa anayemdai. Naomba tusimame hapo kabla hatujaingia nyumbani kwako, maana kwa hili sina la kuzungukazunguka.

Kubanwa kunakokuja ukijitahidi na kuondoka ukipumzika ndivyo moyo unavyolalamika mishipa yake ikiwa imepungua upana. Ukiwa umekaa, damu inayopita inautosha. Ukipanda mlima unataka zaidi, na zaidi haipiti. Wala maumivu ya moyo hayana lazima ya kukaa upande wa kushoto kama watu wanavyodhani. Hutokea kwenye taya, shingoni, kwenye mkono, hata juu ya tumbo, ndiyo maana watu wengi huyaita gesi. Lakini gesi haijui mlima, kakangu. Hukujia umekaa, umelala, hata ukiteremka kwenda chomboni. Hii yako inachagua mpando na haraka. Na hicho chakula unachokisingizia, moyo ulio na shida hubanwa upesi zaidi ukitembezwa baada ya kushiba.

Huenda ikawa ni jambo jengine kabisa. Hilo la kuamua ni la daktari aliyekushika mkono, na ni wiki hii, usingoje tarehe ya kliniki. Mpaka akuone, ule mlima upande polepole ukipumzika, au panda tuktuk. Safari ya mibuyu nayo ingoje siku hizo chache. Mweleze inakuja wakati gani, inakaa dakika ngapi, inaondoka kwa nini. Mweleze hata kama kipimo cha umeme wa moyo kitatoka kizuri, kwa sababu kile hupimwa umelala, na moyo wenye shida ya namna hii waweza kulala ukaonekana hauna neno. Na mtaje nduguyo, na umri wake. Ndugu wa kiume wa damu moja aliyeondoka ghafla kabla ya miaka 55 ni habari ambayo daktari yeyote angetaka kuisikia kutoka kwako.

Na ikitokea umebanwa ukiwa umetulia, au umepumzika dakika chache na haijaondoka, au jasho likakutoka na pumzi ikakata, usichemshiwe tangawizi. Amsha watu upelekwe hospitali saa hiyohiyo. Tangawizi nyumbani kwenu imeshatumika mara moja.

Sasa hofu yako ya kukatazwa. Naielewa, na nataka kuipunguza. Zamani aliyepata mshtuko wa moyo alilazwa kitandani hata wiki 6, asiguse ardhi. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, walieleza jinsi walivyoanza kuwatoa wagonjwa kitandani mapema na kuwakalisha kwenye kiti, na wenzao wengi waliona wanacheza na roho za watu. Leo kutembea kwa kipimo ni sehemu ya tiba yenyewe. Utafiti uliokusanywa kwa miaka mingi unaonyesha kwamba wagonjwa wa moyo wanaoingizwa kwenye mpango wa mazoezi hufa kwa maradhi ya moyo kwa uchache kuliko wasioingizwa. Daktari anaweza kukusimamisha kidogo akupime, akubadilishie dawa, kisha akakurudisha njiani na masharti yake. Umemficha ukiogopa atasema kaa, naye ndiye pekee kati ya watu wako aliyekuambia tembea.

Naona pia kwamba unawaficha wawili. Mkeo umemficha raba, daktari umemficha taya, kila mmoja ana nusu. Mwenye habari kamili ni mimi nisiyekujua jina.

Tuje kwa mkeo. Anasema mazoezi yalimuua shemejiye, na nakuomba usimcheke moyoni, maana ameshika kipande cha kweli. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wagonjwa zaidi ya 1,200 waliopata mshtuko wa moyo. Waliwauliza saa moja kabla ya hapo walikuwa wakifanya nini. Ilionekana kwamba jitihada kali huongeza hatari katika saa ile inayofuata. Lakini angalia kwa nani. Kwa wale waliozoea kujitahidi mara 5 au zaidi kwa wiki, hatari iliongezeka kama mara mbili na nusu. Kwa wale ambao wiki hupita hawajajitahidi hivyo hata mara moja, iliongezeka zaidi ya mara 100. Saa moja yenyewe ina hatari ndogo mno kwa mtu yeyote, kwa hiyo hata ikizidishwa watu wengi hucheza wakarudi nyumbani. Hata hivyo, mtu aliyekaa nyuma ya usukani mwezi mzima, mvuta sigara, mwenye wiki moja ya kulalamika kifua, akaukimbilia mpira kwa nguvu zake zote, alikuwa katika kundi la pili.

Kama ni hivyo, mpira ulimkuta nduguyo akiwa tayari na jambo, na mkeo aliona mpira kwa sababu mpira ndio ulioonekana. Kutembea kwako kila alfajiri ni kitu kingine. Jitihada iliyohesabiwa pale ni kali, ya kukimbia na kunyanyua vizito. Matembezi ya kawaida, ya kila siku, hayamo katika hesabu ile.

Wewe nawe una dhana yako niliyotaka kuigusa, ile ya moyo wa kuli. Si maneno matupu, na wewe mtu wa bandarini utaifurahia habari hii. Daktari mmoja, Ralph Paffenbarger, aliwafuata makuli wa bandari ya San Francisco, zaidi ya 6,000, kwa miaka 22. Matokeo yalitoka mwaka 1975. Wale wa kazi nzito ya kupakia na kupakua walikufa kwa maradhi ya moyo kiasi cha nusu tu ya wenzao wa kazi nyepesi. Kwa hiyo ulipojivuna ulikuwa na sababu.

Lakini Paffenbarger huyohuyo aliwaangalia pia waliosoma chuo cha Harvard, karibu 17,000, akakuta kwamba aliyekuwa mwanamichezo ujanani kisha akaacha hakubakiwa na kinga yoyote, na aliyeanza ukubwani aliipata. Kinga hii haiwekwi akiba. Piga hesabu yako: gunia la mwisho ulilibeba miaka 17 iliyopita. Baada yake ni kiti cha ghala, kisha baraza. Na siku hizi watafiti wana shaka hata na mzigo wenyewe. Huko Copenhagen, mwaka 2021, walichapisha habari za watu zaidi ya 104,000. Waliojishughulisha na mwili wakati wao wa mapumziko walipata mishtuko michache. Waliotumikishwa mwili kazini walipata mingi zaidi. Bado wanabishana kwa nini. Wako wanaosema ni kwa sababu mbeba mzigo hachagui mwendo wala saa ya kupumzika, presha yake hukaa juu kutwa. Wengine wanasema ni shida za maisha zinazofuatana na kazi za namna ile. Ukiwatazama wasukuma mikokoteni wa Kongowea saa nane mchana utaona zote mbili zina uzito. Kwa hiyo usiupande mlima wa feri kwa kuutegemea mwili ule wa miaka 30 iliyopita.

Na baraza je? Hapa ndipo ningependa mkeo na mamako nao wasikie, kwa sababu wanakukalisha wakiamini kukaa hakudhuru. Mwaka 1966 huko Dallas vijana watano wa miaka 20, wazima, walilazwa kitandani wiki 3. Uwezo wa miili yao kutumia hewa ulianguka vibaya sana. Miaka 30 baadaye walitafutwa walewale watano, wameshakuwa watu wazima wenye vitambi. Uwezo wao ulikuwa umepungua, lakini kupungua kwa miaka 30 yote hakukufika kupungua kwa zile wiki 3 za kitanda. Wakawekewa mazoezi ya polepole miezi 6, wakarudia walipokuwa ujanani kabla ya kulazwa. Watano ni wachache, lakini habari yao haijanitoka tangu nilipoisoma.

Hayo yote unaweza kumweleza mkeo na bado asikubali. Nadhani kuna kitu nyuma ya neno lake. Jiulize kama kweli anaogopa mazoezi. Alimwona mke wa nduguyo akikaa eda, miezi minne na siku kumi. Anaona anavyoishi sasa na watoto. Labda kila anapokuambia kaa, anajiona yeye ndani ya kile chumba cha eda. Takwimu za San Francisco hazimjibu mtu anayeogopa kubaki peke yake. Amewahi kukuambia hivyo? Wewe umewahi kumuuliza?

Ukiendelea kwa siri, utapata kutembea kwako, na hilo nimesema ni jema. Lakini fikiri ikitokea neno pale kwenye mibuyu. Umevaa kanzu na raba, huna kitambulisho pengine, hakuna anayejua uko wapi, na nyumbani wanakuhesabu uko msikitini. Watakutafuta pasipo. Na mkeo atajua siku hiyo mambo mawili kwa pamoja, ugonjwa wako na uwongo wako. Kwa mtu mwenye kifua kinachobana, siri ndiyo naiona hatari kubwa kuliko hatua zenyewe. Kuna na lile la uradi. Sitakuhukumu, umeshajihukumu mwenyewe kwa maneno mazito kuliko ningeyapata mimi.

Ukiacha kabisa, nyumba itatulia. Mamako atalala. Wewe mwenyewe umeandika kwamba utaoza ukiwa hai, na mtu anayesema hivyo huanza kuwachukia wanaompenda, taratibu, bila kujua. Na presha iliyoshuka itapanda.

Ukisema, atalia. Anaweza kukasirika siku nyingi, na haki anayo. Anaweza kuzifungia raba kabatini. Wako wanaume ambao wangeanza kwa kumwambia kijana wao, kwamba yeye amwandae mamake. Inapunguza kishindo, ila inamfanya mtoto kuwa mshirika wa siri na mke kuwa wa mwisho kujua nyumbani mwake. Hilo lipime wewe, unawajua.

Ikiwa utasema, nina wazo moja kuhusu pa kuanzia. Anza na taya, usianze na raba. Mwambie, "Mke wangu, nikipanda mlima wa feri hunibana hapa, nilinyamaza, naogopa, nataka twende hospitali mimi na wewe." Hapo unamwomba awe upande wako kabla hujamwambia ulimkimbia. Kisha mkiwa mbele ya daktari, toa yaliyobaki, ya alfajiri na mibuyu, mwache amuulize yeye maswali yake yote, hata lile la shemejiye. Kuna hatari ndani yake, nakubali. Daktari akitaja mishipa iliyopungua, hofu yake yaweza kuongezeka kabla haijapungua. Lakini atakuwa anaogopa kitu anachokijua, na amesikia kwa masikio yake kile ulichoambiwa kuhusu kutembea.

Mkiruhusiwa, Mama Ngina jioni ina familia tele, akina mama na mabuibui yao, watoto, madafu. Labda atakubali kuja. Utalalamika kwamba mwendo wake ni wa polepole. Kwa sasa huo huenda ndio mwendo wako. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, hata zikikatwakatwa, na mwendo wa wastani unaujua hivi: unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kumsomea kasida. Mihogo ya pale iacheni, au mwambieni muuzaji asiimwagie chumvi. Na mamako, mwache akuone unatoka na mkeo na unarudi naye. Kwa mama aliyezika mwana, nadhani maelezo hayatasaidia kama kukuona ukirudi, jioni moja baada ya nyengine.

Nenda kliniki na vidonge vyako mkononi, na yale mambo ya mlima yaandike kwenye karatasi usije ukayapita haraka tena. Kisha niandikie daktari alisema nini, na mkeo alisema nini. Nitangoja barua yako.